Maisha ya Al-Hajj Malik El-Shabazz na Khabari ya Kura

Katika darsa yetu ya baada ya Isha kijana mmoja aliuliza suali ambalo limekuwa likizunguka barazani kwa muda mrefu. Alitaka kujua kama yampasa mtu mcha Mungu kusimama katika safu ya wapiga kura, ilhali siasa ni kama tuzionavyo na wagombea ni kama tuwajuavyo. Mzee mmoja alimjibu upesi kwamba msikiti ni msikiti na kura ni kura, na mwenye kuchanganya viwili hivi hukosa vyote. Mimi sikutaka kujibu kwa haraka usiku ule. Nimeona bora kueleza maisha ya mtu ambaye jina lake mwalijua nyote, na picha yake yaonekana mpaka katika fulana za vijana wetu, lakini jambo hili la kura katika maisha yake halitajwi ila kwa nadra. Naye ni Al-Hajj Malik El-Shabazz, aliyejulikana duniani kwa jina la Malcolm X. Kwa muda wa miaka 12 hivi alifundishwa kwamba kura si kazi ya mtu wa dini, naye akawafundisha watu hivyo hivyo. Kisha akatoka katika kauli hiyo, na siku zake za mwisho zikamkuta amesimama ndani ya kanisa la watu weusi katika mji wa Selma, akiwatia nguvu watu waliokuwa wakipigwa na kufungwa kwa kosa la kutaka kuandikwa katika daftari la wapiga kura.

Kuzaliwa na kulelewa kwake

Alizaliwa tarehe 19 Mei 1925 katika mji wa Omaha, jimbo la Nebraska, na jina alilopewa ni Malcolm Little. Baba yake, Earl Little, alikuwa mhubiri wa Kibaptisti na mfuasi wa Marcus Garvey, yule aliyekuwa akiwaita weusi wa Marekani wajitegemee na waikumbuke Afrika walikotoka wazee wao. Mama yake, Louise, alizaliwa katika kisiwa cha Grenada. Mwaka 1931, walipokuwa wakikaa Lansing katika jimbo la Michigan, baba alikutwa amesagwa na magurudumu ya tramu. Wakubwa walisema ni ajali. Jamaa zake waliamini kwamba aliuawa na Wazungu waliochukia mahubiri yake. Mama alibaki na watoto na umasikini, akili yake ikalemewa, akatiwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na watoto wakagawanywa katika nyumba za watu.

Shuleni alikuwa hodari. Siku moja alimwambia mwalimu wake kwamba angependa kuwa wakili, na mwalimu akamshauri aache fikira hiyo, kwani haimfai mtu wa rangi yake, afadhali ajifunze useremala. Kijana akapoteza hamu ya masomo, akenda Boston kisha Harlem, akaingia katika kamari, madawa na wizi. Mwaka 1946 alihukumiwa kifungo, naye hajatimiza miaka 21.

Gerezani ndiko alikosoma. Alianza na kamusi, akinakili neno baada ya neno kwa mkono wake, kisha akaingia katika vitabu asitoke. Wanafunzi wetu wanaolalamika kwamba taa ya chuoni haina mwangaza wa kutosha na wajue ya kwamba yeye alikuwa akisoma usiku kwa mwanga ulioingia kutoka ukumbini, akijitupa kitandani kila askari anapopita.

Kundi la Elijah Muhammad

Nduguze ndio waliomwandikia khabari za Elijah Muhammad na kundi lake lililojiita Taifa la Islam. Yatupasa kusema wazi kwamba kundi lile, kwa itikadi yake ya wakati huo, halikuwa katika Uislamu tuujuao. Lilidai kwamba Mungu alikuja katika umbo la mtu aitwaye Fard, na kwamba Elijah ni mjumbe wake. Huo ni upotofu usiohitaji kujadiliwa. Lakini haki isemwe pia: liliwatoa watu katika pombe, uzinzi na nguruwe, likawafundisha usafi, kazi na heshima ya nyumba. Malcolm alitoka gerezani mwezi wa Agosti 1952 akiwa mtu mwingine kabisa, na mwaka 1954 akawekwa kuwa khatibu wa kundi hilo Harlem. Kwa ulimi wake na kwa kutochoka kwake kundi likakua kupita kiasi walichotazamia wenyewe.

Basi katika mafundisho ya kundi hilo mlikuwa na hili: wafuasi wasipige kura wala wasiingie katika maandamano. Hoja yao ni kwamba dola ya Wazungu karibu itaangamizwa na Mungu, na mwenye akili hapangi nyumba inayoungua. Maneno haya yalimridhisha Malcolm kwa miaka mingi. Yalianza kumkereketa mwezi wa Aprili 1962, askari wa Los Angeles walipowapiga risasi watu wa kundi lake mbele ya nyumba yao ya ibada na kumuua Ronald Stokes. Malcolm alitaka pafanywe jambo. Aliamrishwa angoje. Watu mitaani wakaanza kumwambia usoni kwamba kundi lake ni hodari wa kusema tu, na yeye hakuwa na la kuwajibu.

Jinsi watu walivyozuiwa

Hapa tusimame kidogo, kwani asiyejua jinsi kura ilivyozuiwa kusini mwa Marekani hataelewa yanayofuata. Katiba ya nchi ile ilirekebishwa mwaka 1870, baada ya vita vilivyomaliza utumwa, ikakataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi yake. Majimbo ya kusini hayakuweza kuyafuta maandishi hayo, basi yakayazunguka. Mississippi ilitangulia mwaka 1890, na mengine yakafuata. Hila yao ilikuwa kwamba katika vifungu walivyotunga halikuandikwa neno mweusi. Iliandikwa kodi, ambayo asiyeilipa hapigi kura. Uliandikwa mtihani wa kusoma na kueleza maana ya katiba, na mwenye kusahihisha ni karani Mzungu, ambaye aweza kumpitisha Mzungu asiyejua kusoma na kumwangusha mwalimu mweusi. Katika Selma, jimbo la Alabama, ilitakiwa pia mtu aliyekwisha andikishwa amdhamini mwombaji, na kwa kuwa weusi walioandikishwa walikuwa wachache mno, wadhamini hawakupatikana. Afisi yenyewe ilifunguliwa siku mbili tu kwa mwezi. Na aliyethubutu kwenda, khabari humfikia tajiri wake kabla hajarudi kwake, akapoteza kazi na pengine nyumba. Katika wilaya ya Dallas, ambayo Selma ndio mji wake mkuu, weusi waliotimiza umri wa kupiga kura walikuwa kama 15,000. Waliokuwamo katika daftari hawakufika 400.

Msomaji wa pwani asidhani mambo haya ni ya ajabu sana. Wazee wetu pia waliyaona madaftari yaliyogawanywa kwa rangi, Mzungu na lake, Mhindi na lake, Mwarabu na lake, na Mwafrika wa Kenya hakupata kuwachagua wajumbe wake mpaka mwaka 1957. Mswahili wa Mombasa ndiye aliyekuwa akiulizwa kila mara yeye ni wa daftari gani.

Nyumba ambayo weusi wa kusini waliimiliki wenyewe, isiyokuwa ya mwenye shamba wala ya serikali, ilikuwa kanisa. Kwa hiyo kazi ya kura ilianzia humo. Watu walijifunza kuijibu karatasi ya mtihani wakiwa wamekaa katika viti vya ibada, na wakitoka humo huenda kwa pamoja mpaka afisini, kwa sababu anayekwenda peke yake hupotea peke yake. Si makasisi wote waliofungua milango. Wengi waliogopa, na hawakuogopa bure: katika Mississippi makanisa mengi yalitiwa moto mwaka 1964. Mwanamke mmoja mlima pamba, Fannie Lou Hamer wa Ruleville, hakujua kwamba mtu mweusi ana haki ya kupiga kura mpaka alipoisikia khabari hiyo kanisani mwezi wa Agosti 1962, naye ana umri wa miaka 44. Alipokwenda kujiandikisha alifukuzwa siku ile ile katika shamba alilolitumikia miaka 18, na mwaka uliofuata akapigwa gerezani mpaka akaharibika figo.

Kutoka kwake katika kundi, na Hija

Mwezi wa Machi 1964 Malcolm alitangaza kujitenga na Elijah Muhammad. Sababu zilikuwa nyingi, na nyingine ni za aibu ya nyumbani kwa kiongozi, hatuna haja ya kuzifukua. La maana kwetu ni kwamba mara tu alipokuwa huru aligeukia kura. Tarehe 26 Machi alikuwa Washington, katika Baraza la Seneti, akisikiliza wajumbe wa kusini wakivuta maneno siku baada ya siku ili sheria ya haki za raia isipite. Hapo ndipo alipokutana uso kwa uso na kasisi Martin Luther King, mara moja tu katika maisha yao, kwa muda wa dakika chache, wakapigwa picha, wakaachana. Tarehe 3 Aprili alitoa hotuba yake mashuhuri iitwayo Kura au Risasi, na mahali alipoitoa ni kanisa la Wamethodisti katika mji wa Cleveland.

Hotuba ile hukumbukwa kwa neno risasi, na kweli ulimi wake ulikuwa mkali. Sisi hatumfuati katika kila alilolisema. Lakini mwenye kuisoma yote ataona kwamba sehemu kubwa ni hesabu. Aliwaeleza wasikilizaji kwamba Wazungu wakigawanyika sawasawa, kura za weusi ndizo zinazoamua nani akae katika Ikulu. Akawaeleza kwamba wale wajumbe wa kusini wanaozuia sheria wamekalia viti visivyokuwa vyao, kwa sababu wamechaguliwa mahali ambapo nusu ya watu wamekatazwa kuchagua. Alisema pia kwamba dini yake ni jambo lake mwenyewe, na kwamba watu wa dini mbali mbali wasigombane wanapokutana juu ya dhulma moja. Hapo twatofautiana naye kidogo, kwa kuwa dini si nguo ya kuvuliwa mlangoni. Hata hivyo vitendo vyake vilikuwa bora kuliko kauli hiyo, maana kila alipotaka kuwafikia watu kwa jambo hili tunamkuta ndani ya nyumba ya ibada.

Mwezi ule ule alikwenda Hija. Pale Jeddah alizuiliwa, kwa kuwa hati ya kusafiria ya Kimarekani ilitia shaka Uislamu wake, na ikadhihirika kwamba huyu khatibu wa miaka mingi hakujua kuswali. Hakujua kukaa wala matamshi. Alifundishwa pale pale, kama anavyofundishwa mtoto wa chuoni, miguu ikimuuma, wala hakuona haya. Jamaa za Abdulrahman Azzam wakamsaidia mpaka kadhi akamkubali. Kule Makka alikula sinia moja na watu weupe wa macho ya buluu na kulala nao chini ya hema moja, na ile itikadi ya kwamba kila Mzungu ni shetani ikamtoka. Alirudi na jina la Al-Hajj Malik El-Shabazz.

Tarehe 28 Juni 1964 alianzisha umoja wa Wamarekani wenye asili ya Afrika, na katika maazimio yake limo hili: kupita mtaa kwa mtaa na kumwandikisha kila asiyeandikishwa. Maulamaa kadhaa wa zama hizi wameifananisha kura na ushahidi, kwamba mwenye kumchagua mtu amshuhudia kuwa afaa, na mwenye kujificha ameficha ushahidi. Kama Al-Hajj Malik aliipata kauli hiyo kwa mashekhe aliokutana nao, au alifika hapo kwa akili yake, Mungu ndiye ajuaye.

Safari yake katika nchi zetu

Mwezi wa Oktoba mwaka huo alifika Afrika Mashariki. Dar es Salaam alionana na Nyerere na Abdulrahman Babu, na akasafiri kwa ndege moja na Kenyatta na Obote. Nairobi alikutana hotelini na vijana wawili kutoka kwao, John Lewis na Donald Harris, wa ile kamati ya wanafunzi iliyokuwa ikiwaandikisha watu kusini. Walikaa wakazungumza kwa muda mrefu. Twafikiri jinsi mazungumzo yale yalivyokuwa machungu: wamekaa katika nchi ambayo watu wake walikuwa chini ya mkoloni jana, na wamepiga kura mwezi wa Mei 1963 wakapata serikali yao, na Lewis, mwana wa Alabama, raia wa dola ijiitayo kiongozi wa uhuru, jamaa zake hawakuweza kufanya hivyo kwao.

Tarehe 20 Desemba alikaa pamoja na Fannie Lou Hamer katika kanisa moja la Harlem, akamsikiliza akieleza alivyopigwa. Waimbaji wa ile kamati ya wanafunzi waliimba wimbo uliomtaja Oginga Odinga wetu, waliyekutana naye Atlanta mwaka mmoja nyuma. Al-Hajj Malik aliposimama aliona haya kama mwanamume, akawaambia waliohudhuria kwamba wanaume waliomwacha mwanamke huyu kupigwa bila ya kumlinda hawana la kujisifia.

Selma

Makanisa ya Selma yalikuwa yamekwisha ingia katika kazi tangu mwaka 1963, mkutano wa kwanza ulipofanywa katika kanisa la Tabernacle. Mwezi wa Julai 1964 hakimu alipiga marufuku watu zaidi ya wawili kukusanyika kwa jambo hili. Tarehe 2 Januari 1965 kanisa la Brown Chapel likafungua milango yake, likajaa, na marufuku ikavunjwa humo. Tarehe 22 walimu zaidi ya 100 waliandamana mpaka mahkamani wakiwa wameshika miswaki mikononi, kuonyesha kwamba wako tayari kulala jela. Mkuu wa askari wa wilaya, Jim Clark, akawasukuma kwa kirungu ngazini. Walimu walikuwa watu wa kuheshimiwa na waoga kwa sababu ya mishahara yao; walipotoka wao, mji mzima ukatoka.

Al-Hajj Malik alifika tarehe 4 Februari, ameletwa na wanafunzi kutoka chuo cha Tuskegee. King alikuwa gerezani tangu tarehe 1, na mamia pamoja naye, wengi wao watoto wa shule. Wenzake King waliingiwa na khofu kwamba mgeni huyu atawasha moto mjini. Walimkalisha katika Brown Chapel karibu na Coretta, mke wa King. Alisema maneno makali kwa serikali, lakini hakumtukana King wala hakuwaambia watu waiache njia yake. Kisha akamwinamia yule bibi akamwambia kwa upole kwamba hakuja kumtilia mumewe uzito; aliona kwamba Wazungu wakimwona yeye upande wa pili, watakuwa wepesi wa kumsikiliza King. Akaomba amfikishie salamu, kwa kuwa hana wakati wa kwenda gerezani kumtazama, akatoka kuwahi ndege.

Siku kumi baadaye nyumba yake ilitiwa moto usiku, na mkewe na binti zake wanne wamo ndani; wakaokoka. Siku ya Jumapili tarehe 21 Februari 1965 alipigwa risasi jukwaani, katika ukumbi wa Audubon, mbele ya macho yao. Umri wake ulikuwa miaka 39. Makanisa mengi ya Harlem yaliogopa kuupokea mwili wake, mpaka likapatikana moja, Faith Temple, ambalo askofu wake alikubali juu ya vitisho vya mabomu. Shekhe Ahmed Hassoun, mtu wa Sudani, alimwosha na kumvika sanda ya Kiislamu. Allah amrehemu.

Yaliyofuata

Wiki mbili kamili baada ya kuuawa kwake, Jumapili ya tarehe 7 Machi, watu kama 600 walitoka Brown Chapel kwenda kwa miguu Montgomery, makao ya serikali ya jimbo. Aliyetangulia mbele ni yule John Lewis wa Nairobi, na kasisi Hosea Williams. Darajani walikutana na askari wa farasi, virungu na moshi wa kutoa machozi, na Lewis akapasuliwa kichwa. King akatuma simu kwa viongozi wa dini nchi nzima waje. Walikuja makasisi, masista wa Kikatoliki, marabi wa Kiyahudi, askofu mkuu wa Kigiriki. Kasisi James Reeb wa Boston alipigwa rungu usiku wa kwanza wa kuwasili kwake akafa. Tarehe 25 Machi watu kama 25,000 waliingia Montgomery, na tarehe 6 Agosti 1965 Rais Johnson alitia sahihi sheria ya haki ya kura, iliyofuta mitihani ile na kupeleka waandikishaji wa serikali kuu. Ama khabari ya mahkama ya juu kuitengua sehemu muhimu ya sheria hiyo mwaka 2013, na makanisa na misikiti ya huko kurudi tena katika kazi ya kuwaandikisha watu, ni maneno marefu, na inshallah tutayapatia darsa yake.

Mwezi wa Mei 1966 ulifanywa uchaguzi wa chama katika wilaya ya Dallas, na Jim Clark aligombea tena cheo chake. Weusi walijipanga tangu mapema, wazee kwa vijana, wengine wakishika karatasi ya kura kwa mara ya kwanza. Clark alipoona hesabu inamwendea vibaya, masanduku sita ya mitaa ya weusi yakatiwa ila, ikatakwa yasihesabiwe. Kesi ilikwenda kwa hakimu wa serikali kuu, naye akaamuru kura zote zihesabiwe. Zikahesabiwa, na Clark akashindwa.